Pampu Inataka Washa

Asubuhi ile nilitoka nyumbani kwa dada yangu bila mpango wowote. Nilifunga shati langu la pili ndani ya shuka, nikatia furushi begani, nikamwambia natembea. Hakuuliza naelekea wapi. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka mtoni na ndoo kichwani, tumbo limemtangulia, na nadhani hakuwa na pumzi ya kuniuliza.

Jana yake alikuwa ameshanisema kwa lugha yetu ya nyumbani. "Wewe unauliza kila kitu duniani. Kwa nini injini ina gurudumu zito, kwa nini nyota ile haihami. Hujauliza hata siku moja maji unayokunywa humu ndani yanatoka wapi."

Ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Nilishajaribu kuchota maji. Nilichukua ndoo nikashuka nayo mtoni, mto ambao kiangazi ni mchanga mtupu. Wanawake hufukua shimo, husubiri maji yajikusanye chini, kisha huyateka kwa kibuyu, polepole, wasiyavuruge. Waliponiona nimepiga magoti kwenye foleni walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Shemeji kaolewa!" mmoja akapiga kelele. Kijiji kizima kiliniita shemeji kwa sababu ya dada. Jioni mume wake aliniomba kwa upole nisirudie tena, maana wenzake walikuwa wameanza kumpongeza kwa kupata mke wa pili.

Kwa hiyo nilikula, nikanywa, nikalala, na dada akaendelea kushuka mtoni na mimba ile. Nilikuwa nimeacha shule kabla ya kumaliza, nimepita mashamba ya watu na magereji ya watu, na popote nilipofika nilikaa mpaka nikaona haya. Asubuhi ile niliona haya.

Kijiji chao kilikuwa kipya, kando ya barabara, mbele ya Ulemo ukitokea mjini Singida. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka huko walikotawanyika, wakapangiwa nyumba kwa mistari, wakaahidiwa shule, zahanati na maji. Maji yalikuja kweli. Kilichimbwa kisima kirefu, ikawekwa injini ya dizeli ndani ya kibanda cha bati, na dada anasema siku maji yalipotoka bombani walicheza ngoma mpaka vumbi likaingia kwenye pombe. Halafu maji yakakoma.

Injini haikuwa na kasoro. Ilikuwa inawaka vizuri, inanguruma kijiji kizima kinasikia, lakini bombani hakuna hata tone. Mimi nilishinda kwenye kile kibanda nikimsumbua mtunza mashine kwa maswali, ndiyo maana nilijua. Chini kabisa kisimani, ndani ya bomba, kuna kipande cha ngozi chenye umbo la kikombe. Injini inakipandisha na kukishusha, nacho kinanyanyua maji. Ngozi ikichakaa, kikombe kinapanda peke yake na maji yanabaki chini. Kipande hicho mtunza mashine alikiita washa. Mafundi wote wanakiita washa.

Basi kijiji kilituma neno mjini kwa dereva wa lori: pampu inataka washa.

Baada ya muda alikuja mtu kutoka ofisi ya maji, kwa pikipiki, na chupa ya dizeli. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda, akazungusha mpini, injini ikawaka mara ya kwanza. Akafurahi. Mtunza mashine, maskini, kigugumizi kilimshika, akawa anasema "lakini, lakini". Yule mtu akamwambia, "Umeona? Usiiogope. Ni kuzungusha kwa nguvu tu." Akapanda pikipiki yake akaenda. Alikuwa ametumwa aiwashe, na aliiwasha.

Haikuishia hapo. Alikuja mgeni mkubwa kutoka mjini, ukaitishwa mkutano. Wanawake walisema sasa ndiyo sasa. Lakini kwetu huwezi kumrukia mgeni na shida kabla hujamshukuru kwa alichokupa. Mwenyekiti wa kijiji akasimama, akavua kofia, akaanza na shukrani. Akashukuru kwa kisima. Akashukuru kwa injini. Akashukuru kwa mahali bomba lilipopita, na kwa watu waliochimba mtaro. Kila aliposhukuru tulipiga makofi. Nilikuwa nyuma, nimekaa juu ya jiwe, namsubiri afike kwenye neno "ila". Kwetu habari zote huwa njema kwanza. Hata mtu aliyefiwa ukimuuliza habari za nyumbani atakwambia njema, ila tumezika jana. Mgeni alitazama saa yake, akainuka, akasema amefarijika sana kusikia maji yanawanufaisha, akaomba radhi kwamba anasubiriwa kwingine. Gari lilipoondoka mwenyekiti alikuwa bado amesimama na kofia mkononi. Ila yake ilibaki kinywani.

Ndiye niliyekutana naye barabarani asubuhi ile na furushi langu.

"Shemeji, safari ya wapi?"

"Shikamoo. Natembea tu."

"Marahaba. Unatembea tu, huendi mahali?"

"Siendi mahali."

Akanitazama kama mtu anayetazama jembe lililotupwa. "Basi kama unatembea tu, tembea na neno letu. Nenda mjini, ofisi ya maji, uwaambie pampu inataka washa."

"Lakini hilo ndilo neno mlilotuma mara ya kwanza."

"Lilipelekwa na dereva. Madereva wana haraka. Wewe una mdomo, na muda unao. Dada yako akijifungua kabla hujarudi, tutakulaumu."

Akacheka, mimi sikucheka. Nilitembea hadi Ulemo, nikakaa kwenye kivuli cha ghala, mpaka lori lililobeba mtama likanichukua juu ya magunia. Njia nzima nilikuwa na furaha ya ajabu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nakwenda mahali kwa sababu.

Ofisini nilimkuta karani, kijana wa rika langu, shati limepigwa pasi, mpole. Mlangoni alikaa tarishi, mzee mwenye kikombe cha chai.

"Karibu, ndugu," karani akasema. "Habari za huko?"

"Njema."

"Watu wazima?"

"Wazima wote."

"Maji mnapata?"

Na mimi, niliyemcheka mwenyekiti moyoni, nikasema, "Tunashukuru sana."

Nilisikia mwenyewe nilichokisema. Karani akatikisa kichwa kwa furaha na kushika kalamu. Nikaharakisha, "Ila pampu yetu inataka washa." Nikamtajia kijiji.

"Aa, ninyi! Yenu si ilishawashwa? Mtu wetu alikuja."

"Alikuja."

"Haikuwaka?"

"Iliwaka."

"Kwa hiyo haina tatizo la kuwaka."

"Ndiyo."

"Ndiyo ina, au ndiyo haina?"

"Haina. Inawaka. Inataka washa."

Karani aliweka kalamu chini. "Ndugu, unasema inawaka, tena unasema inataka iwashwe. Sisi tushike lipi?"

"Si kuwashwa. Washa. Kile kitu."

"Kitu gani?"

"Washa."

Tarishi akanyanyua uso kutoka kwenye chai. "Labda inamuwasha yeye. Mjomba, umepita kwenye upupu? Jikune tu, hapa hatutazami."

Wakacheka wote wawili, na si kicheko kibaya, ndiyo maana kiliniuma zaidi. Karani akaniambia Bwana Maji, mkuu wa ofisi, yuko safarini, nirudi kesho. Nilimwambia kwamba kuna mtu atajifungua. Akasema kwa upole kwamba hospitali iko upande ule mwingine wa mji.

Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo sikujua niimwagie nani. Upepo wa Singida ulikuwa unavuma, vumbi linaingia machoni. Nilimkasirikia karani, kisha nikamkasirikia mwenyekiti aliyenipa neno moja kama mtu anayemtuma mtoto dukani bila kikapu. Nikawakasirikia mafundi waliochukua neno ambalo lilikuwa tayari na kazi zake, kuwasha moto na kuwasha mwilini, wakalipa kazi ya tatu. Na mimi mwenyewe. Nilisema tunashukuru! Dada yangu anafukua mchanga kwa mikono, nami nimepanda magunia ya mtama hadi mjini kuja kusema tunashukuru.

Nikafikiri, labda madukani kipo. Kulikuwa na duka la Mhindi mmoja mzee aliyeuza misumari, bawaba, taa za chemli na kila kitu cha chuma. Watu walikuwa wamejaa kwenye meza yake. Ilipofika zamu yangu nikaanza, "Shikamoo mzee, habari za—"

"Nzuri. Nataka nini?"

"Mimi natokea huko Iramba, kwenye kijiji chetu—"

"Nataka nini?"

Watu nyuma yangu walinung'unika. Nikasema, "Washa."

Akaweka kiberiti mezani.

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu alipasuka kwa kicheko. "Jamani, mwanangu kafuata moto Singida nzima!"

Sijui ni kicheko chake au ni njaa, lakini kitu kilikatika kichwani mwangu. Nilisukuma kiberiti pembeni, nikakunja kiganja kama kikombe, nikamwonyesha yule mzee. "Kipande cha ngozi. Kama kikombe. Kinakaa chini ya kisima ndani ya bomba. Injini inawaka, ngozi imekwisha, maji hayapandi. Nataka ngozi."

Alirudisha kiberiti kwenye rafu. "Sasa nasema maneno. Inchi ngapi?"

Sikujua. Mtunza mashine pia hakujua, maana kilikuwa chini kisimani na hakuna aliyewahi kukitoa. Nilisimama pale nimekunja kiganja, nikijaribu kukumbuka kitu ambacho sikuwahi kukiona.

"Hapa hakuna," akasema, na alikuwa ameshamtazama mtu wa nyuma yangu. "Ofisi ya maji iko nayo. Mama, nataka nini?"

Usiku ule nililala stendi ya mabasi, furushi chini ya kichwa. Sikuwa na wazo la kuondoka. Nilikuwa nimezoea kuondoka mahali paliponichosha, na mji ule ulinichosha kwa siku moja kuliko mingine kwa mwezi, lakini kila nilipofumba macho nilimwona dada ameinama kwenye lile shimo. Kwa hiyo nililala nikitunga sentensi. Niliondoa shukrani. Niliondoa habari za kijiji. Niliondoa neno washa, na hilo ndilo lililonipa kazi kubwa, kwa sababu lilikuwa linarudi lenyewe kama inzi.

Asubuhi karani aliniambia Bwana Maji amerudi lakini ana kikao, nikae. Sikukaa ndani. Nilikwenda kusimama kwenye mlango wa Landrova yake. Alipotoka, mtu mnene, macho mekundu kwa safari, funguo mkononi, nilisema yote kwa pumzi moja.

"Shikamoo. Dada yangu amekaribia kujifungua na anafukua maji mchangani. Kisima chetu kina injini na inawaka. Maji hayapandi. Kikombe cha ngozi cha ndani ya bomba kimechakaa. Saizi hatuijui. Naomba fundi aje na vikombe vya saizi zote."

"Marahaba," akasema. Akanitazama viatu, ambavyo havikuwapo. "Na hili mbona hamkusema tangu mwanzo?"

Nimewahi kutukanwa na matajiri wa mashamba, nimewahi kufukuzwa na mbwa, lakini sikumbuki maneno yaliyonichoma kama yale.

"Tulisema, mzee."

"Mlisema iwashwe."

Ningebishana ningepoteza kile nilichokifuata.

"Lini fundi atakwenda?" nikauliza.

"Tutalishughulikia."

"Lini?"

"Gari likipatikana."

"Hili si gari?"

"Hili lina safari nyingine. Kijana, nimekuelewa. Rudi kijijini, waambie nimekuelewa."

"Nikirudi wataniuliza lini. Niwaambie lini?"

Karani alikuwa ametoka mlangoni, tarishi nyuma yake na kikombe chake. Nilijua naonekana sina adabu. Mama yangu angekuwa pale angenivuta sikio. Bwana Maji alishusha pumzi, akamwita fundi mmoja kutoka stoo, wakazungumza pembeni, akarudi akaniambia gari lingine litatoka kesho.

Kesho yake nilisimama getini tangu alfajiri. Nilimwona fundi akipakia spana zake, mabomba na kopo la vikombe vya ngozi vilivyolowekwa kwenye mafuta, vikubwa kwa vidogo. Nikachungulia ndani ya lile kopo mpaka akanifukuza. Nilipotaka kupanda, dereva akakataa. Nafasi yangu ilikuwa imechukuliwa na pipa la dizeli.

"La nini?" nikauliza. "Dizeli ipo!"

"Tumeambiwa tulipeleke," dereva akasema. "Kuna taarifa kwamba pampu yenu ilikuwa inasumbua kuwaka."

Wakaondoka. Nilibaki nimesimama kwenye vumbi lao, sina la kufanya na sina mahali pa kwenda, lakini safari hii sikuifurahia hali hiyo. Nilikuwa sijui kama kikombe kitaingia. Nilikuwa sijui kama fundi atakuta mtu wa kumwelekeza au atakuta watu wanamshukuru. Kichwani nilimwona akipokelewa kwa makofi, akilishwa kuku, akigeuza gari.

Siku hiyo hiyo nilimkamata kondakta wa basi linalopita njia ya kule. Nilimweleza nyumba ya dada, ya tatu kutoka barabarani, yenye mti wa mtomoko. "Muulize maji yanatoka au hayatoki. Usilete salamu. Jibu ni neno moja."

"Bwana mkubwa," akanicheka, "sawa."

Basi halikurudi siku hiyo, wala iliyofuata. Nilipakua magunia stendi, nikala, nikasubiri. Liliporudi lilikuwa limechelewa, halikusimama hata vizuri. Kondakta alikuwa ananing'inia mlangoni, akaniona, akanyoosha mkono.

"Dada yako anasema njema!"

"Maji je?"

"Anakusalimia sana! Shemeji yako anakusalimia! Mwenyekiti naye anasema—"

"Nimekuuliza maji!"

"Nami nimemuuliza hivyo hivyo! Kasema nikwambie njema!"

Dereva alikuwa anageuza basi kwenda kutia mafuta. Nilikimbia nalo sambamba, nimeshika bomba la mlangoni, watu wananipigia kelele nitakanyagwa. Nilijua dada yangu. Nilijua alikolelewa, maana mimi na yeye tulilelewa pamoja. Njema haikuwa jibu. Njema ilikuwa mlango tu.

"Ila?" nikapiga kelele. "Hakusema ila?"

Kondakta alikunja uso, akakumbuka. "Aa! Ila anasema maji mekundu! Yana kutu! Anasema nguo nyeupe hafui, anaogopa!"

Nikaachia bomba. Basi likaenda zake. Nilisimama katikati ya stendi natweta, muuza karanga akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, maji yana kutu. Akausogeza mkebe wake mbali nami kidogo.

Sikurudi kijijini. Dada alikuwa hajajifungua, na basi lile ndilo lingeleta habari, kwa hiyo nilitaka mahali pa kukaa karibu na stendi, penye mlango. Niliambiwa kuna mama mmoja mtaa wa Utemini anayepangisha chumba cha uani. Nilimkuta amekaa barazani anapepeta choroko kwenye ungo. Nilikuwa nimeshajifunza. Nilisimama wima, nikasema kwa pumzi moja.

"Shikamoo mama. Natafuta chumba. Nitakaa mpaka dada yangu ajifungue. Sina mizigo, sinywi pombe, nafanya kibarua stendi."

"Marahaba." Aliendelea kupepeta. "Umetokea polisi?"

"Hapana, mama."

"Mbona unatoa maelezo?" Akachagua kijiwe, akakitupa. "Mwanangu, mimi sijakujua, unanitupia dada yako, mizigo yako, pombe yako. Rudi mwanzo. Habari za utokako?"

Nilitaka kulia. Miguu ilikuwa inaniuma na furushi linanikata bega.

"Njema," nikasema.

"Watu wa huko wazima?"

"Wazima."

"Kilimo?"

"Njema."

"Jua vipi huko kwenu?"

"Kali, mama, lakini tunashukuru."

"Maji?"

"Njema," nikasema. "Ila yana kutu."

Ungo ukasimama. Alinitazama kwa mara ya kwanza, kutoka kichwani hadi miguuni, akasogea kidogo kwenye jamvi.

"Kutu? Basi bomba lilikaa kavu siku nyingi. Wasiyanywe kwanza, yataisha." Akarudi kwenye choroko zake. "Chumba kiko nyuma, karibu na jiko. Mlango unabana. Sukuma kwa bega."